Ulimi Unaonja, Utumbo Unapima

Tabora, Julai

Asali imeanza kuganda, na kwa sisi tunaoiuza huu ndio msimu wa kutukanwa. Usiku baridi inashuka, asubuhi ukifungua duka unakuta chupa za juzi zimebadilika: chini pamekuwa peupe na pameshikana, juu pamebaki asali nyembamba ya kahawia. Mteja anainua chupa, anaitazama kwenye mwanga, anairudisha. "Hii mmeichakachua. Mmetia sukari." Ukimwambia kuganda ni tabia ya asali, anakutazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuibiwa na wauza asali, na kusema kweli wapo waliomwibia. Mwingine anatoa njiti ya kiberiti aichovye halafu aiwashe, eti ikiwaka ni asali halisi. Mimi na watu wa kiberiti tumeshaachana, wapime wanavyotaka.

Jioni hii nimekuja nayo nyumbani chupa moja ya namna hiyo, niitazame bila mteja pembeni. Ile nyeupe ya chini, sehemu kubwa ni glukosi. Inayoelea juu ina fruktosi nyingi, maana fruktosi huyeyuka vizuri kwenye maji na haina haraka ya kuganda. Asali ya kawaida ina fruktosi karibu asilimia 38, glukosi karibu 31, maji karibu 17, na kilichobaki ni sukari nyingine pamoja na vitu vidogo vidogo vinavyomfanya mtu wa Sikonge anuse kifuniko tu na kukwambia nyuki walikuwa kwenye maua ya mti wa mtundu au wa myombo. Kwa hiyo mteja wangu hakukosea sana. Sukari imo. Aliyeitia ni nyuki.

Hizo sukari mbili ulimi unazipokea kwa kipokezi kilekile, na kwa ulimi zote ni tamu tu. Ubongo una habari zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya kinywaji cha glukosi siku moja na cha fruktosi siku nyingine, kisha wakawapima ubongo kwa mashine ya MRI. Glukosi ilipunguza mtiririko wa damu kwenye haipothalamasi, kile kisehemu kidogo chini ya ubongo kinachoshughulikia njaa na shibe. Fruktosi haikufanya hivyo. Na siku ya glukosi watu walisema wameshiba zaidi. Glukosi ikiingia kwenye damu, kongosho hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na ubongo unapata taarifa kwamba chakula kimefika. Fruktosi sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na insulini haishtuki sana.

Nisingekuwa nayafuatilia haya kama si mzee mmoja wa Ng'ambo, mstaafu wa reli, mteja wetu wa miaka. Ana kisukari. Leo kaja na fimbo yake na malalamiko yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kushtaki."

"Unamshtaki nani?"

Akatoa mfukoni kikopo cha plastiki cha vile vidonge vya kutia utamu kwenye chai, kile ambacho ukibonyeza juu kinatema kidonge kimoja kimoja. Akabonyeza. Kidonge kikaanguka kiganjani, kidogo mno, akajaribu kukishika kwa vidole viwili kikamponyoka kikaingia kwenye mkunjo wa mkono. Akaniachia mimi nikitoe.

"Natia viwili kwenye kikombe. Ulimi unakubali, chai tamu kabisa. Nikishamaliza najiona kama sijanywa kitu. Nafungua kabati, nafunga. Bibi yako ananiuliza natafuta nini, na mimi sijui natafuta nini. Sasa nipe asali ya nyuki wadogo, wale wasio na mwiba. Wanasema hiyo haina neno kwa sisi wa kisukari."

Ilibidi nimvutie kiti, kwa sababu hayo ni maswali mawili na kila moja lina jibu lake.

Tuanze na kidonge. Cha kwanza kabisa cha ukoo huu, sakarini, kilipatikana mwaka 1879 Baltimore kwa bahati na kwa uchafu kidogo: mkemia Constantin Fahlberg alikuwa akishughulika na vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe, akaenda kula bila kunawa vizuri, mkate ukawa mtamu. Aspatamu nayo iligunduliwa mwaka 1965 na mkemia aliyelamba kidole akitaka kufunua karatasi. Nikimsimulia mke wangu habari hizi anasema wanasayansi wangekuwa wanawe wasingefika mbali. Aspatamu ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari, sukralosi mara 600 hivi. Ndiyo maana kidonge kinaponyoka kwenye vidole vya mzee na bado kinatosha kikombe kizima.

Ulimi, basi, unadanganyika. Mwaka 2008 wanawake walionjeshwa sukari na sukralosi zilizosawazishwa utamu hata wasiweze kuzitofautisha. Mdomoni hawakujua ipi ni ipi. Picha za ubongo wao zilionyesha tofauti: sukari iliamsha kwa nguvu zaidi sehemu zinazohusika na kuridhika.

Mwaka huohuo yalichapishwa majaribio ya panya ambayo mimi nikiyasoma huwa narudia mstari. Panya hawa walizaliwa bila uwezo wa kuhisi utamu. Wakiwekewa maji matupu na maji ya sukari, mwanzoni kwao ni yaleyale. Baada ya muda wakaanza kurudi kwenye chupa ya sukari, na ubongoni mwao dopamini ikawa inatoka, ile kemikali inayomwambia mnyama hapa pazuri, rudi tena. Utamu hawakuuonja hata kidogo. Nani aliwaambia?

Jibu likaja kwa ufafanuzi zaidi mwaka 2020, kutoka maabara ya Charles Zuker, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Panya wa kawaida waliwekewa chupa mbili, moja ya sukari na moja ya kitamu bandia. Mwanzoni walinywa zote bila upendeleo. Baada ya siku mbili hivi walikuwa karibu wote kwenye sukari. Watafiti wakafuata njia: kwenye ukuta wa utumbo mna seli zinazoitambua glukosi, zinapeleka habari kwa neva ya vagasi, neva inapanda hadi shina la ubongo. Kitamu bandia hakiiamshi njia hiyo. Watafiti walipoinyamazisha, panya hawakujenga tena ule upendeleo wa sukari.

Mzee alikuwa ananisikiliza huku anageuza kikopo chake. Nikamwambia ni sawa na hapa ghalani madumu yanapofika kutoka porini. Mmoja anachovya kijiko anaonja, anasema tamu, pita. Lakini malipo hayatoki kwa neno la mwonjaji. Yanasubiri mwenye mizani na mwenye kile kifaa cha kupimia maji kwenye asali. Kwenye chai ya babu, mwonjaji amepitisha mzigo, mwenye mizani ameona dumu tupu.

"Kwa hiyo utumbo wangu haulipi," akasema.

"Haulipi, babu."

Akacheka mpaka akakohoa.

Upo utafiti mwingine wa karibuni, wa mwaka 2025, wa Los Angeles, ambao ungemfaa sana kwa sababu ulifanywa kwa watu. Watu 75 walikunywa, kwa siku tofauti, maji matupu, maji ya sukari na maji ya sukralosi. Siku ya sukralosi haipothalamasi ilichangamka zaidi, na watu walisema wana njaa zaidi kuliko siku ya sukari. Hapa pana jambo ambalo wasambaza habari za simu wanaliruka: ukilinganisha sukralosi na maji matupu, ubongo ulichangamka zaidi kwa sukralosi, ila njaa waliyoitaja watu haikutofautiana. Kwa hiyo atakayekwambia vidonge vinaleta njaa kuliko maji, ametia chumvi. Ambacho hakipo ni ile shibe kidogo inayokuja na sukari.

Na hivi ndivyo nilivyomjibu mzee kuhusu kabati lake. Kidonge kinafanya kazi moja, kinatia utamu bila kupandisha sukari ya damu, na kwa mtu mwenye kisukari hiyo si kazi ndogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wasitegemee vitamu hivi kupunguza uzito, lakini ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na kisukari. Asivitupe. Chai isiyo na kitu ndani ainywe na kitu pembeni, karanga za kuchemsha kwa mfano, na siku ya kliniki awaulize wanaompima.

Asali ya nyuki wadogo likawa jambo gumu zaidi, kwa sababu hapo nilikuwa nazungumza dhidi ya duka langu. Ni asali nzuri, ina uchachu wake, na bei yake wanaoijua wanailipa. Lakini glukosi imo, fruktosi imo, na mwenye mizani hasomi lebo. Tena kuna hesabu ambayo wateja wangu hawaipendi: kijiko cha chai cha asali ya kawaida ni gramu 7 hivi, na ndani yake sukari inakaribia gramu 6, kijiko hichohicho cha sukari ya dukani ni gramu 4 hivi. Asali ni nzito. Mtu anayehama kutoka vijiko viwili vya sukari kwenda vijiko viwili vya asali ameongeza, hajapunguza.

Nyuki wenyewe hawangetusaidia kumdanganya. Karl von Frisch, mtaalamu wa wanyama aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa mambo kama ngoma ambayo nyuki huwaonyesha wenzake chakula kilipo, alikuwa amewahi kuwaonjesha vitu vingi vitamu. Sakarini hawakuitaka. Nyuki ananunua nguvu za kurukia, na sakarini haina. Nimempenda zaidi nyuki tangu nilipolisoma hilo, ingawa bado ananiuma.

Mimi mwenyewe sina kisukari, na chai yangu ilikuwa ya kijiko kilichojaa hadi kumwagika, chai ya nyumbani kwetu ambako kikombe kisicho tamu ni tusi kwa mgeni. Nimekuwa nikipunguza pole pole bila kutia kidonge chochote. Kuna watafiti waliowapunguzia watu sukari kwa miezi 3, na watu hao wakaanza kuona pudini ileile ni tamu zaidi ya zamani. Kwangu imetokea kwa soda: juzi msibani nilipewa, chupa ya mililita 350, nikashindwa kuimaliza. Mna gramu karibu 37 za sukari mle, vijiko tisa. Mama mdogo aliyeketi karibu nami aliichukua akaimaliza yeye, akaniambia nimeanza maringo.

Mzee aliondoka na chupa ndogo, si yake. Bibi ana kikohozi cha baridi hii, na kwa kikohozi asali nimeipitisha bila kuuliza.

Ila ameniachia kazi. Lebo zetu zinachapishwa upya mwezi huu, na mstari wa tatu wa lebo ya zamani unasema: "Inafaa kwa wenye kisukari." Nimeukata kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya majaribio. Tajiri wangu ameiona, akaniuliza kama nimepata kazi sehemu nyingine. Anasema maduka ya jirani wote wanaandika hivyo, na ni kweli wanaandika. Akapendekeza tuweke "tiba asilia" mahali pake, isiyotaja ugonjwa. Nikamwambia anayeisoma ataujaza ugonjwa mwenyewe. Tukaishia kuandika uzito, mahali ilipotoka na mwezi wa kurina.

Kesho anafika mteja wa Dar kuchukua mzigo wake, na yeye ndiye aliyeomba yale maneno ya kisukari, kwa herufi kubwa. Tajiri amesema atakuwa Urambo siku nzima, niongee naye mimi.