Kucheza poka na watu wanaosubiri karata nzuri tu

Ijumaa jioni huwa tunacheza poka kwa rafiki yangu mtaani Milimani, Kisumu. Simaanishi ule mchezo wa kusema "niko kadi". Huu ni holdemu, kila mtu na karata mbili zake za siri, na mezani zinafunuliwa tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, za wote. Dau limepangwa: shilingi 20 katika raundi mbili za kwanza, 40 katika mbili za mwisho. Kabla ya yote wawili wanatoa dau la lazima, mmoja 10 na mwingine 20.

Wenzangu ni wagumu. Mwalimu, hasa, anaweza kutupa karata saa nzima huku akinywa chai, akisubiri ree mbili. Kwa miezi nami nilisubiri kama yeye, na kila Ijumaa nikarudi nyumbani nimepungukiwa. Dau la lazima lilinila polepole, na nilipopata karata nzuri hakuna aliyenifuata.

Ndipo nikaanza kuhesabu. Nikiwa mgawaji na wengine wakishatupa, wamebaki wale wawili wa dau la lazima. Nikiweka 40, nazitafuta 30 zao. Wakitupa wote wawili mara nne katika saba, hata karata mbovu hainitii hasara. Kwa Ijumaa tatu niliandika kwenye daftari: nilipandisha mara 27, wakatupa wote mara 17. Hizo ni 510. Zile mara kumi zilizobaki, hata ningezipoteza zote papo hapo, ni 400.

Na mwenye dau la 20 akinifuata, karata tatu za mezani humkosa mtu asiye na jozi karibu mara mbili katika tatu. Mezani pana 90 (40 zangu, 40 zake na 10 ya aliyetupa), mimi natia 20. Akitupa mara moja tu katika tano, changu kimerudi.

Kilichonichukua muda ni kujifunza kuachia. Usiku mmoja nilikuwa na jeki mbili, mezani tisa, sita na mbili. Mwalimu akafuata. Karata ya nne ikaja tatu. Nikatia 40, akapandisha hadi 80. Kufika mwisho kungenigharimu 80 nyingine, 40 hapo na 40 kwenye karata ya tano, kutafuta 290, kwa hiyo ilibidi niwe nashinda zaidi ya mara moja katika tano. Nikakumbuka miezi yote ile: sikuwahi kumwona akipandisha hapo bila angalau jozi mbili. Nikatupa, na mkono ulikuwa mzito kweli. Zake alizirudisha kifudifudi.

Baada ya mwezi alianza kunijibu. Nikipandisha nikiwa mgawaji, naye anapandisha juu yangu, mara nyingine kwa malkia na kumi tu. "Omera, hizi 20 zangu umezizoea," akaniambia. Sasa akiwa yeye ndiye mwenye dau la 20, saba na mbili natupa, nane na tatu natupa, na nyingine nyingi nilizokuwa nikipandisha. Kwa jirani yake bado napandisha vilevile.