Jinsi nilivyoufikia muziki wa Wagogo ambao simu yangu haikuwahi kunichezea

Nilihamia Dodoma kikazi wakati wizara zilipokuwa zikiondoka Dar es Salaam, na kwa muda mrefu muziki niliousikiliza hapa ulikuwa uleule niliokuja nao kwenye simu: bongo fleva, rumba ya Kongo, taarabu za nyumbani Tanga, na baadaye amapiano, ambayo sikuitafuta ila ilikuja yenyewe. Programu ninayosikilizia muziki ilikuwa imeshanizoea. Kila asubuhi iliniandalia orodha yenye jina langu, na karibu kila wimbo uliokuwamo niliupenda, au ulishabihiana na mwingine niliokwisha kuupenda. Jambo lililonishtua ni kwamba nilikuwa nikiishi katikati ya nchi ya Wagogo, watu ambao muziki wao umepigwa katika kumbi za Ulaya na Japani, na orodha ile haikuwahi hata mara moja kuniwekea wimbo wao.

Kabla ya kufanya lolote nilitaka kuelewa jinsi mashine yenyewe inavyochagua. Kwa sehemu kubwa inawatazama watu: ikiona kwamba mimi na msikilizaji mwingine tumerudia nyimbo nyingi zilezile, inachukua zile ambazo yeye amezisikiliza na mimi bado, kisha inaniletea. Pia inapima sauti, yaani mwendo wa mapigo, uzito wa besi na mengineyo, ikatafuta wimbo unaokaribiana na ule uliokwisha kunipendeza. Kwa mtu anayetaka kuongezewa kile alichonacho, njia hizo mbili zinafaa sana na sina ugomvi nazo. Lakini zote zinaanzia kwenye kilichokwisha kusikilizwa, na wimbo uliorekodiwa kijijini, usio na jina la mwimbaji wala mwaka, na uliofikiwa na watu wachache, hauna mahali pa kushikwa. Malipo nayo yanaelekea upande huohuo. Katika Spotify, kwa mfano, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na tangu mwaka 2024 wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haumpatii mwenyewe mrabaha. Ngoma inayochukua dakika nzima kukusanya sauti kabla haijachanganya haina nafasi nzuri katika hesabu za namna hiyo.

Sisi tuliokulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam, redio pekee ya Tanzania Bara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hatukuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua, na sitaki kuusifia ukosefu huo. Redio ilikuwa ya baba, na baba alitaka taarifa ya habari. Hata hivyo vipindi vya salamu vilikuwa na faida ambayo niliitambua baadaye sana: mtu wa Sumbawanga tusiyemjua alinunua kadi yake, akajaza majina ya ndugu na jamaa, na wimbo uliofuata ukatufikia sote, aliyeupenda na aliyekunja uso. Ndivyo nilivyozifahamu Morogoro Jazz, Cuban Marimba na Tabora Jazz nikiwa mtoto wa Tanga ambaye hajawahi kuuona mji wa Morogoro wala wa Tabora. Aliyeniletea wimbo alikuwa hajui lolote kunihusu, na mtu wa namna hiyo ndiye niliyeamua kumtafuta.

Hatua zangu za mwanzo zilikuwa za kiufundi, na hazikunifikisha mbali. Nilizima ule utaratibu wa muziki kujiendeleza wenyewe orodha inapoisha, nikafuta historia ya usikilizaji, kisha nikafungua akaunti nyingine isiyojua chochote kuhusu mimi. Akaunti hiyo tupu ikanipa nyimbo zinazoongoza nchini kwa wakati huo, nyingi kati yake nimeshazisikia kwenye daladala. Mashine isiyokujua hukuchagulia kwa ladha ya umma, na ladha ya umma nayo ni mduara, mpana kidogo kuliko ule niliokuwa nimeukimbia. Nawaonya wenzangu wanaodhani kwamba kufuta historia kunatosha.

Nilipata nafuu kidogo nilipoanza kuandika mwenyewe maneno ya kutafutia, nikitumia majina ya ala na ngoma badala ya majina ya wasanii: ilimba, zeze, muheme. Vitu vilitokea, ila katika vurugu. Kaseti nzima ilikuwa imepandishwa kama faili moja la karibu saa nzima, kikundi kimoja kilikuwa na majina matatu kutegemea nani amekiandika, na video nzuri kuliko zote ilikuwa imepewa kichwa kisemacho tu kwamba ni ngoma ya asili. Nilielewa kwamba ningehitaji mtu wa kuniongoza.

Katika masjala ya ofisi yetu kuna mama mmoja Mgogo anayekaribia kustaafu, ambaye humwamkia kila aingiaye kwa “Mbukwenyi”, awe mhudumu au mkurugenzi. Nilimpa shikamoo yake, nikamwomba anisikilizie nilivyovipata. Aliweka spika moja sikioni, akatulia kidogo, akaitoa.

“Hawa ni wanakwaya, mwanangu. Wameimba vizuri, lakini sicho unachokitaka. Wewe unataka wa Chamwino au wa Mpwapwa?”

“Kwani wanatofautiana, mama?”

“Wewe wa Tanga, ukiambiwa taarabu ya Tanga na ya Unguja ni moja utakubali? Niletee flash.”

Flash ile aliijaza kwa msaada wa kijana mmoja wa pale soko la Majengo, mwenye kibanda cha kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Baadaye nilikwenda mwenyewe. Katika kompyuta yake kulikuwa na folda kubwa aliyoiandika GOGO, na wakati nimesimama pale walikuja dereva wa bodaboda na mama muuza mboga, kila mmoja akitaka nyimbo mpya za folda hiyo. Kwa hiyo muziki ambao simu yangu iliuona kama haupo ulikuwa na wasikilizaji wengi na biashara inayotembea, ila wasikilizaji hao hawahesabiwi popote, kwa kuwa nyimbo zinapita kwenye memori kadi, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye spika za sokoni. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza. Mashine inajua wanachosikiliza watu wenye bando la kutosha kusikiliza mtandaoni mchana kutwa, na wengi wa wapenzi wa ngoma hizi hawamo katika idadi hiyo.

Kuupata muziki na kuusikia ni kazi mbili tofauti. Sikio lililozoea kibwagizo kinachorudi kila baada ya muda mfupi halijui lishike wapi katika ngoma ya muheme, ambayo hupigwa na wanawake, kila mmoja akiwa ameibana kwa mapaja ngoma yenye kiuno chembamba, akiipiga kwa viganja huku akicheza. Nilisikiliza wimbo mmoja mara nyingi kabla ya kuendelea na mwingine. Kwanza nilifuata ngoma moja tu, ile isiyobadilika. Nilipoizoea nikaanza kusikia jinsi nyingine zinavyoizunguka, na baada ya hapo sauti za waimbaji zikaacha kuwa kelele za pamoja, zikawa mistari inayopishana na kupokezana. Ilimba nayo ina mambo yake. Ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na juu ya tundu lake huwekwa utando wa buibui ili kila sauti itoke na mvumo. Asiyeizoea hudhani spika imepasuka, kumbe mvumo huo umewekwa makusudi, na fundi wa ilimba huuhangaikia kama anavyouhangaikia mlio wenyewe. Programu ya muziki haikupi nafasi ya kufika hapo, kwa sababu ukiruka wimbo mapema inachukulia kwamba umeukataa, haikuletei tena, na wewe hukumbuki hata kuwa ulipita.

Baada ya sikio kufunguka nilirudi mtandaoni nikiwa na mahali pa kuanzia. Niliingia kwa jina la Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, ambaye alifanya kazi yake kubwa Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Rekodi zake zinazopatikana kwa urahisi zilitolewa na Real World, kampuni ya muziki ya Uingereza ya mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa rekodi ya Pendo na Leah Zawose, binti yake na mjukuu wake. Nikapuuza mapendekezo yaliyojipanga chini ya skrini, nikafuata jina la kampuni. Huko nikamkuta Ayub Ogada wa Kenya na nyatiti ya Waluo, ala yenye nyuzi nane ambayo mpigaji wa jadi huisindikiza kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo ubao wake. Kutoka kwenye nyatiti nilihamia ala nyingine za nyuzi: obokano ya Wagusii, kisha litungu la Wakurya, na sasa nimefika kwenye nanga ya Wahaya. Nimelizunguka Ziwa Viktoria nusu nzima kwa kufuata nyuzi.

Mapendekezo yale niliyoyapuuza yanafaa kutazamwa, kwa kuwa yanaonyesha tatizo waziwazi. Kila nilipomaliza kumsikiliza Zawose, simu ilinipeleka Mali kwenye kora, au Zimbabwe kwenye mbira, na hata siku moja haikunipeleka Chamwino. Ninavyoamini mimi, sababu yake ni kwamba wanaomsikiliza Zawose kwenye programu hizi ni watu wa Ulaya na Marekani wanaopenda muziki wa Afrika kwa jumla, hivyo mashine imewafanya hao kuwa majirani zangu. Sina neno na kora, ambayo ni ala nzuri mno, lakini safari ya kutoka Dodoma mjini kwenda Chamwino haihitaji kupitia Bamako, Mali.

Kwa hiyo Chamwino nilikwenda kwa gari. Hufanyika huko tamasha la muziki wa Wagogo, lililoanzishwa na Kedmon Mapana aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo vikundi vya vijiji mbalimbali hupiga kimoja baada ya kingine. Huna kitufe cha kuruka, na kikundi usichokipenda utakisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Vingine sikuvipenda, na bado sivipendi. Nilichofanya ni kumuuliza kila mpigaji wa zeze aliposhuka kwamba amefundishwa na nani, na jibu lake likanipa jina la kutafuta.

Akaunti ya zamani bado ninayo, na ninaitumia nikiwa jikoni au safarini, kwani kwa bongo fleva haina mpinzani. Muziki nisioufahamu nauweka kwenye flash, mbali na macho ya programu yoyote, pamoja na daftari ninaloandika jina la mpigaji, kijiji na ala. Kijana wa Majengo huziita faili zake GOGO 1, GOGO 2, na kuendelea, kwa hiyo kila mwisho wa wiki mama wa masjala hunitajia anaowatambua kwa sauti. Nyimbo za nanga nilizozipata mtandaoni ni chache, lakini mwenzangu mmoja wa Bukoba ameniambia kwamba baba yake mdogo ana sanduku la kaseti, na ameshalipakia kwenye basi. Redio kaseti yangu ilikuwa imekatika mpira wa kuzungushia, na fundi amenihakikishia kuwa ameupata mwingine wa saizi hiyo.