Breki laini, na upepo ulioninyima usingizi

Wa kwanza kunipotosha alikuwa shemeji. Nilimweleza kwamba breki ya mbele imelainika, mkono wa breki unaingia mpaka unakaribia kugusa usukani ndipo pikipiki inaanza kukamata. Bila hata kuinama kutazama, akasema, "Hizo pedi zimekwisha." Nikanunua pedi, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu, nikafunga. Breki ikabaki laini vile vile, ila sasa ni laini yenye pedi mpya. Zile kuukuu nilipozipima zilikuwa na milimita tatu na ushei za kusagika, na mfereji wake wa alama bado unaonekana. Nimezitia kwenye mfuko, ninazo hadi leo.

Ningefikiri kidogo nisingenunua. Breki ya diski hujirekebisha yenyewe. Pedi ikisagika, pistoni inayoisukuma husogea mbele kidogo na mafuta ya breki kwenye kikopo kilicho juu ya usukani hushuka, lakini mkono haulainiki kwa sababu hiyo. Pedi iliyokwisha hukwambia kwa sauti, chuma kikila chuma.

Wa pili ni fundi, aliyebonyeza mkono mara mbili tu akatoa hukumu: "Masta silinda imekufa, tafuta nyingine." Yaani ile pampu ya mafuta inayosukumwa na mkono wa breki. Na jirani yangu mmoja, mzee mwema ninayemheshimu, akanishauri niongezee mafuta ya injini kidogo "ili breki iwe nzito". Shikamoo mzee, lakini hapana. Mipira ya ndani ya breki na mafuta ya injini havipatani. Huvimba, pistoni zikakwama, na hapo kweli ungenunua masta, kalipa (kile chuma kinachobeba pedi na pistoni) na labda jeneza.

Nilichofanya mwishowe ni kile ambacho hakuna aliyenishauri: nilifungua kikopo nikatazama ndani. Mafuta mapya ya breki yana rangi ya manjano hafifu, karibu na maji. Yangu yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala. Hapo nikakumbuka kwamba tangu niinunue pikipiki, miaka minne na kitu, sijawahi kuyabadilisha, wakati kitabu chake kinasema kila miaka miwili.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, taratibu, hata kikopo kikiwa kimefungwa. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango cha chini kinachotakiwa ni nyuzi 155. Ukishuka mlima mrefu umeshikilia breki, kalipa inapata moto, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana siku moja kwenye mteremko mkono uliingia mzima, nikamalizia safari kwa gia na breki ya nyuma huku nikisoma dua zote ninazozijua.

Basi nikanunua chupa ya DOT 4, kwa sababu ndivyo kifuniko cha kikopo kilivyoandikwa. Hilo soma mwenyewe, usiulize mtu. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni silikoni na haichanganyiki na hizi, ingawa DOT 5.1 ni ndugu wa 4. Majina hayo aliyeyapanga hakututakia mema. Nikatafuta pia mpira mwembamba unaopitisha mwanga na spana namba 8. Vyote pamoja havikufika hata robo ya bei ya masta niliyoambiwa ninunue.

Kazi ya kukamua mafuta ya zamani ni hii: bonyeza mkono, fungua nipeli (kile kichuchu cha kutolea mafuta kwenye kalipa, kilichovishwa ule mpira mwembamba), funga, achia, ongeza mafuta juu kabla kikopo hakijakauka. Mafuta meusi yakatoka, mapya yakafuata. Nusu saa tu. Nikajiona fundi wa daraja la kwanza, nikabonyeza mkono kwa madaha. Ukaingia mpaka usukanini. Laini kuliko mwanzo!

Nikarudia. Kwenye mpira mapovu yanapita, madogo madogo, kama soda. Nikasema huo ndio upepo, acha utoke. Nikapampu jioni nzima, mapovu hayakomi. Kesho yake tena. Chupa inakaribia kwisha, mkono unaniuma, mapovu yale yale. Nikaanza kuamini kwamba fundi alikuwa sahihi, jambo lililoniuma kuliko mkono.

Siku ya tatu nikapampu bila kufungua nipeli hata kidogo, kwa hasira tu, nikaona kwenye mpira hakuna povu. Nikafungua kidogo sana, povu chache. Nikafungua zaidi, yakamiminika. Kumbe! Upepo ulikuwa unaingia kwenye hesi, zile nyuzi za skrubu za nipeli yenyewe, nilipoilegeza, unachanganyika na mafuta yanayotoka. Siku mbili nilikuwa nakamua hewa ya uani kwangu. Nikaifungua nipeli yote, nikazungushia grisi ya silikoni kwenye hesi, nikairudisha. Mapovu yakakata kama bomba lililofungwa. Ukifanya hivyo usiizibe tundu yake, na mpira wako uupandishe juu kwanza ndipo ushuke kwenye chupa, ili mafuta yabaki yamefunika mdomo wa nipeli.

Lakini breki bado laini. Sasa hapo ndipo ninapojisifu, maana hili nililigundua nikiwa nimekaa chini naitazama pikipiki bila kugusa kitu. Upepo hupanda. Mimi naukamua ushuke mita nzima mpaka kwenye kalipa, wenyewe unataka kwenda juu. Na juu kabisa, pale mpira wa breki unapounganika na masta, pana kona. Pikipiki nilikuwa nimeisimamisha kwa stendi kubwa, wima kabisa, kwa hiyo povu lilijibanza konani halina pa kwenda. Nikaishusha kwenye stendi ya pembeni, ikalalia kushoto, mkono wa breki ukainuka kuliko ile kona. Kikopo kikiwa wazi, nikawa nausogeza mkono milimita chache tu, polepole, nauachia. Mara tundu dogo la chini ya kikopo likatema povu kama punje ya mtama. Halafu jingine. Halafu moja kubwa, "blup", nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Baada ya dakika kumi mkono ukawa mgumu.

Usiku ule, kifuniko kikiwa kimerudishwa, nikaufunga mkono wa breki kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, ukalala umebanwa. Asubuhi nilipoufungua ulikuwa mgumu zaidi. Dawa hii wengine wanaibeza, mimi imenifaa.

Hasara niliyopata ni kwenye tangi. Matone mawili yalidondoka, nikayaona, nikasema nitafuta nikimaliza. Nilipomaliza rangi ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya maziwa. Sasa huweka kitambaa kilicholowa maji juu ya tangi na ndoo pembeni, kwa kuwa mafuta haya maji huyaondoa mara moja ukiwahi.

Mafuta yaliyobaki chupani niliyatupa kwa uchungu, nikayapeleka yanakopelekwa oili chafu. Chupa iliyokaa wazi nayo hunywa unyevu, kwa hiyo nunua ndogo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa breki. Kila ninapotoa pedi husugua pistoni kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni kabla ya kuzirudisha ndani, maana ukizisukuma na uchafu wake unaupeleka uchafu kwenye sili, ile mipira ya ndani. Huangalia kikopo pia, kwani pistoni zikirudi mafuta hupanda na yanaweza kumwagika. Pini za kalipa hupata grisi ya silikoni, si ile ya bearingi. Na nikishafunga kila kitu hupampu mkono mpaka ukaze kabla sijasogea hata hatua moja. Hili la mwisho nilijifunza kwa kugonga geti langu mwenyewe. Breki ya nyuma ni ya ngoma, huko ni kukaza nati tu na kuhakikisha gurudumu linazunguka bila kusugua.

Jumapili shemeji alikuja akaomba ajaribu. Alizoea ule mkono laini, akaubana wote kwa nguvu zake, nusura aniachie meno kwenye tangi. Akashuka, akaitikisa pikipiki, akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilikwambia ni pedi?"