Kutoka Likoni hadi Gazi, nikimfuata Wavell

Nilivuka feri Likoni asubuhi, nimebanwa kati ya mikokoteni na watu waliotoka zamu ya usiku, nikapanda matatu ya Msambweni. Tulipoipita Ukunda minazi ilishika pande zote mbili, na konda akanishusha njia panda ya Gazi, kama kilomita 50 kutoka kisiwani.

Nilikuwa nikifuata nyayo za Arthur Wavell, mwanajeshi Mwingereza. Alizaliwa London mwaka 1882, akapigana vita vya Makaburu angali kijana mdogo, baadaye akahamia Mombasa. Mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya Mwislamu wa Zanzibar, na Masaudi, Mswahili wa Mombasa, ubavuni mwake. Mimi Mwislamu hila ile haikunipendeza. Lakini naamini ndiyo safari iliyomfunza kuishi na watu wetu, maana Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914 Waarabu wa Mombasa, wengi wenye asili ya Hadhramaut, walikubali kumfuata. Wakaitwa Arab Rifles. Wajerumani, waliotawala Tanganyika, walipovuka mpaka wakiitaka Mombasa, kikosi hicho kilikuwa miongoni mwa waliowakabili huku kusini. Wavell akajeruhiwa, adui hakupita Gazi. Alitunukiwa nishani ya Military Cross, akapona, akarudi vitani, na tarehe 9 Januari 1916 akauawa Mwele, bara ya Gazi, pamoja na baadhi ya askari wake. Alikuwa na miaka 33.

Kijijini nilimkuta mzee akishona jarife, sindano ya mti ikipenya matundu bila yeye kuitazama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, karibu kitako."

Mwele aliijua kwa habari za Sheikh Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Mazrui wa papo hapo Gazi, ambaye Waingereza walimvunjia ngome yake huko mwaka 1895. Ya Wavell nilimsimulia mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hao vijana waliokufa naye, wana wa nani?"

Nilinyamaza. Zile sanamu za kuwakumbuka askari wa vita hivyo, barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, nimezizunguka mara nyingi, na jina la mtu hakuna. Jambo hili linaniuma kweli. Wavell tunajua hata mwaka aliozaliwa. Kijana wa Mombasa aliyeanguka kando yake hatujui ubini wake, ilhali mji aliokuwa akiulinda ni wetu.

Mzee alikata uzi kwa meno. "Ukiyapata majina yao, yalete," akasema. "Hitma tutaisoma hapa msikitini. Mahamri na chai ni juu yangu."