Kliniki ikiangukia bamvua

Muuguzi akipanga tarehe ya kliniki huangalia kalenda ya ukutani. Mama anayechokoa pweza Msimbati au Songosongo huangalia mwezi. Tarehe hizo mbili zikigongana, kinachoachwa ni kliniki, maana bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, huja mara mbili tu kwa mwezi na hukaa siku chache, na pweza wa siku hizo ndiye anayenunua unga na sabuni mpaka bamvua jingine. Baadaye kwenye kadi kunaandikwa kwamba mgonjwa hahudhurii.

Kwa ninavyoona, wengi wa huku Mtwara na Lindi wanaoacha kazi kwa sababu ya kisukari, presha, pumu au kifafa hushindwa na ratiba kabla ya kushindwa na mwili. Dawa zina kalenda yake. Bahari ina yake, mkorosho una yake, na mwajiri naye ana yake. Kazi ya mgonjwa ni kuzipatanisha, na hesabu yake si ngumu.

Tuanze na bahari. Kliniki nyingi za presha na kisukari zina siku yake maalumu ya wiki, kwa hiyo mtu hurudishwa baada ya siku 28. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Kila ukirudi, basi, tarehe yako imesogea nyuma siku moja na nusu. Ukianza na Jumanne ya katikati ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haikupwi sana, mizunguko mitano baadaye umeshatua katikati ya bamvua. Ndiyo maana watu husema "mwanzoni nilikuwa naweza, siku hizi siwezi", wakadhani ni wao waliobadilika. Kinga yake ni kuomba wiki tano badala ya nne, mara moja kila baada ya kliniki tatu au nne. Hiyo wiki ya ziada huirudisha tarehe kwenye maji mafu, ambayo kwa hesabu ya mwezi mwandamo huwa karibu na tarehe 8 na tarehe 23. Sema wazi: "Sista, siku hiyo tuko bamvua, naomba wiki inayofuata." Hapo hapo hakikisha na idadi ya vidonge inaongezwa. Anayemeza viwili kwa siku anahitaji 70 kwa wiki tano. Akipewa 56 za kawaida, wiki nzima atakaa bila dawa huku kadi inaonyesha amehudhuria vizuri.

Wa dagaa hesabu yao ni tofauti. Wao huvua usiku wa giza kwa taa na hupumzika mbalamwezi, kwa hiyo siku zinazomfaa baharia wa dagaa kwenda kliniki ndizo zinazomkosesha mama wa pweza. Mume na mke wenye presha wote wawili wasikubali kupangiwa siku moja eti kwa sababu wanatoka nyumba moja.

Anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, abebe dawa za siku alizokusudia, kisha aongeze za siku saba. Upepo wa kusi ukishika, chombo hakiulizi vidonge vyako vimebaki vingapi. Azigawe mafungu mawili, moja mfukoni na moja kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, yasiingie maji yote kwa wimbi moja. Kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, mtu aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi mitatu au hata sita kwa mara moja. Ukisubiri kituo kikukumbuke utasubiri sana; itaje mwenyewe safari yako.

Insulini baharini ina mtego wake. Chombo kina barafu ya samaki, na mtu huona hapo ndipo pa kuihifadhi. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Isiguse barafu: ifunge kwenye taulo kavu, itie kwenye kopo, kopo likae juu ya barafu, si ndani yake. Isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida kwa takriban wiki nne, lakini soma karatasi yake, maana nyingine mwisho wake ni nyuzi 25 na nyingine 30, na mchana wa Novemba huku pwani unazipita zote mbili. Mtungi wa udongo uliozungushiwa mchanga mbichi husaidia, ila husaidia zaidi bara, Masasi na Nachingwea, wakati wa kiangazi. Pwani hewa ina unyevu, maji hayakauki haraka, na kukauka kwake ndiko kunakopoza. Insulini inayotakiwa kuwa angavu ikiwa na ukungu, itupe. Ile yenye rangi ya maziwa ikibaki na mabonge baada ya kuiviringisha viganjani, nayo itupe.

Kuhusu kifafa nitasema kwa kifupi kwa sababu hapa hakuna kupatana: si baharini, si juu ya mnazi, si bodaboda, si kwenye kikaango cha samaki. Ubaya wa dagaa si maji peke yake, ni kukesha, kwani kukosa usingizi huleta kifafa hata kwa anayemeza dawa vizuri. Kushona nyavu, kuanika dagaa, kupima na kuandika mizigo ni kazi za ufukwe ule ule, na mchana.

Sasa mkorosho. Mwaka wake wa kazi huanza na salfa, unga wa kupulizia miti, kuanzia Mei hadi Agosti hivi, raundi baada ya raundi kila wiki mbili au tatu dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Kwa kipimo cha robo kilo kwa mti, mwenye miti 200 anarusha kilo 50 za unga hewani kwa raundi moja, na kitambaa cha kujifunga puani hakizuii unga laini kiasi hicho. Mwenye pumu asibebe mashine. Hili huwa gumu kukubalika nyumbani, hasa akiwa ndiye kijana mwenye nguvu, lakini kuna njia ya kubadilishana: yeye apalilie na kusafisha chini ya miti ya jirani, jirani ampulizie. Raundi ikipigwa karibu na nyumba, madirisha yafungwe, matandiko yaingizwe ndani, na aliyepuliza avue nguo nje kabla ya kukaa na mgonjwa.

Kosa ninalolisikia kila mwaka ni kuikumbuka dawa ya pumu siku ya salfa. Pampu ya bluu hufungua kifua kilichokwisha kubana. Ile ya kukinga, ambayo mara nyingi huwa ya kahawia, hufanya kazi polepole, siku hadi wiki, kwa hiyo mazungumzo na daktari yafanyike Aprili, siyo Juni. Ukijikuta unahitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijadhibitiwa na shamba la salfa halikufai mwaka huo. Pampu nyingi za bluu zina mivuto 200. Kuitikisa sikioni hakukuambii imebaki mingapi. Andika tarehe uliyoifungua kwenye plasta, uibandike, na uhesabu.

Kuokota korosho huanza kwa wengi Septemba au Oktoba. Hapa wanaoumia ni wa kisukari, na sababu ni chai ya asubuhi ambayo haikunywewa. Mtu humeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, saa kumi na mbili, akaenda shamba la mbali, akaokota ameinama mpaka saa nane bila kula. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi na insulini hushusha. Kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kisha maneno yasiyoeleweka, na wenzake shambani hudhani ni uchovu au ni uraka, pombe ya mabibo. Na kama kweli ni uraka mbaya zaidi, maana pombe kwenye tumbo tupu huongeza kushuka kwa sukari.

Mfukoni kuwe na sukari iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, ndani ya maji, ndicho kipimo, au soda ya kawaida chini kidogo ya nusu chupa. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Akishapata nafuu ale chakula kamili, mhogo au ugali, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena jioni. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L), kazi inasimama, hata kama mnada ni kesho.

Miguu nayo. Kisukari cha miaka mingi huondoa hisia, na mtu hukanyaga kisiki akaona damu kwenye ndala saa mbili baadaye. Raba zilizofunika vidole, zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na kila jioni nyayo ziangaliwe kwa kioo. Mashamba ya chumvi ni mabaya zaidi kwa mguu wa namna hiyo kwa sababu chumvi huchimba jeraha lisilouma. Kwa wanaobangua korosho, tatizo hilo hilo liko mikononi: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na vidole vilivyokufa ganzi havitoi taarifa. Mwenye ganzi apewe kupanga madaraja au kufungasha, ganda liwe la mwingine.

Matende nitayagusa kwa sababu huku ni yetu. Kinachomtoa mtu kazini ni zile homa za mguu kuwaka moto, siku kadhaa kila mara, na huingia kupitia nyufa kati ya vidole. Sabuni na maji safi kila jioni, kukausha kwa kitambaa hadi kati ya vidole, kuuinua mguu usiku. Maji ya bahari hayachukui nafasi ya sabuni. Mwenye ngirimaji, yaani busha, anaweza kupasuliwa na kurudi kazini, lakini wiki za mwanzo si za kubeba magunia wala kuingia baharini, kwa hiyo mvuvi achague miezi ya kusi, na wa korosho aepuke Oktoba.

Halafu pesa. Dawa hununuliwa kila mwezi, korosho hulipa mara moja, na baina ya Machi na Agosti ndipo watu hukata dozi nusu "ili zifike". Hesabu ifanyike siku fedha ya mnada inapoingia benki, kabla ya bati na kabla ya harusi: vidonge kwa siku mara 365, vipimo, nauli mara idadi ya kliniki. Fedha hiyo itengwe, lakini dawa zenyewe zinunuliwe za miezi mitatu mitatu, kwa kuwa daktari anaweza kubadilisha dozi na joto la nyumba ya bati haliwi rafiki wa dawa. Kadi ya bima ya mwaka ilipiwe Novemba au Desemba. Ukiilipia Mei kwa kukopa, kila mwaka itaisha Mei, mfuko ukiwa mtupu. Mwenye ufuta au mbaazi ana nafuu kidogo, mauzo yake yanaziba katikati.

Waliobaki ni walioajiriwa: viwandani, maghalani, hotelini, madukani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu. Kibarua wa msimu huambiwa hana haki hiyo kwa kuwa hajatimiza miezi sita. Sheria inasema vingine: aliyeajiriwa kwa msimu ana haki ya likizo yenye malipo, na aliyerudi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka anayo pia, ikiwa jumla ya muda wake imezidi miezi sita. Zitunze karatasi za malipo za kila msimu, ndizo zitakazohesabiwa.

Haki hiyo husimama kwa cheti cha daktari. Wengi huanguka hapa: humwambia msimamizi kwa mdomo, hulala nyumbani wiki, wakirudi wanakuta barua, kwa sababu kutokuwepo bila ruhusa zaidi ya siku tano za kazi kunaweza kuhesabiwa kosa la kufukuzisha. ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, ipelekwe siku ile ile, kwa mtu au kwa picha ya simu, na nakala ibaki kwako. Jina la ugonjwa si lazima ulitangaze kwa wenzako. Unachoomba ni masharti ya kazi, mfano "nisimame si zaidi ya saa mbili mfululizo", "nisipangwe zamu ya usiku". Kuhusu VVU, sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima. Na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano ni ya kila mtu, hayaombwi kama hisani. Mgonjwa wa kisukari ayatumie kula, asiyauze ili atoke mapema.

Ukiachishwa kwa ugonjwa, mwajiri alitakiwa kwanza aangalie hali yako ni ya muda au ya kudumu, na kama kuna kazi nyepesi au marekebisho yanayowezekana. Kama hakufanya hivyo, una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F.1. Mpe mwajiri nakala kwanza, asaini kupokea, ndipo uipeleke ofisini pamoja na uthibitisho huo. Siku ya 31 utalazimika kuomba kwanza kusikilizwa nje ya muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na ikiwa sababu ni kulazwa, karatasi za hospitali ndizo ushahidi. Zitunze nyumbani. Droo ya kazini utakuwa huifikii tena.