Tiketi tisa za bibi wa Newala

Mwaka 2018 nilikuwa karani katika ofisi ndogo Mtwara mjini ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kuandaa bili za gharama. Wakili akishinda kesi na mahakama ikaamuru mteja wake alipwe gharama, alituletea jalada. Tulilipekua ukurasa kwa ukurasa tukiandika kilichotumika: ada ya wakili, ada za mahakama, nakala, nauli. Mawakili wengi huiona kazi ya kuchosha. Mimi niliipenda, na hadi leo naipenda.

Jalada la bibi mmoja wa Newala lilitufikia zikiwa zimebaki siku nane. Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, ile tunayoiita GN 264, inatoa siku 60 za kuwasilisha bili tangu gharama ziamriwe. Kesi yenyewe ilihusu shamba la mikorosho, na alishinda Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara.

Tiketi zake za basi alizileta zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alifungua kifundo kwa meno. Vikaratasi vyembamba vilivyoshika vumbi jekundu, namba ya kiti imeandikwa kwa kalamu, vingine wino umefifia hadi ukiinue dirishani ndipo usome. Nilizilinganisha na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za vikao vya mahakama. Tisa zilikuwa na tarehe ambazo mahakama haikukaa kabisa. Nikazitoa.

Niliogopa, na hofu yangu ilikuwa na msingi. Ukiacha ada za mahakama, zaidi ya sehemu moja ya sita ya ulichodai ikikatwa, unakosa gharama za ukadiriaji wenyewe, yaani za ile hatua ya mahakama kuikagua bili. Kila kipengele dhaifu unachoingiza kinakusogeza karibu na mstari huo.

Wakati huo bili za Mahakama Kuu tuliziandika kwa Kiingereza. Sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama ilikuja 2021. Kwa hiyo nilimkalisha bibi nikamsomea kwa Kiswahili, mstari mmoja mmoja. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo, ila niliona si haki mtu adai kwa jina lake asichokijua. Nilipofika kwenye nauli akanyanyua mkono.

"Mjukuu wangu, ile ya tarehe kumi na tatu umeiruka."

"Siku hiyo hapakuwa na kesi, bibi."

"Kesi ilikuwa kumi na nne, saa tatu asubuhi. Ningetoka Newala alfajiri kwa barabara ile, na mvua ile, ningefika saa ngapi?"

Nilirudi kwenye tiketi. Zote tisa, bila kubakiza hata moja, zilikuwa za siku moja kabla ya kesi. Mwanamke huyu alikuwa akishuka Mtwara jioni na kulala kwa watu ili asikutwe hayupo jina likiitwa, nami nilikuwa nimemfutia nauli hizo kwa kalamu nyekundu.

Niliiandika upya bili usiku ule, kila tiketi ikifuatana na tarehe ya kesi ya kesho yake. Mbele ya Naibu Msajili, ofisa wa mahakama aliyeikagua bili, wakili wa upande wa pili alizipinga kama nilivyozipinga mimi. Naibu Msajili aliomba mwenendo, akafunua, akaweka alama ya vema pembeni mwa kila moja. Ada ya wakili ilipunguzwa kidogo. Nauli haikuguswa.

Nje, chini ya mwembe, bibi hakuniuliza amepata kiasi gani. Aliuliza kama tiketi zake zinarudishwa.

"Hapana bibi, zinabaki kwenye jalada."

Akalishika pindo la kanga lililokuwa tupu, akalikunja.