Asubuhi tuliyohesabu watoto barabarani

Nilikuwa ndo nimemaliza shule, sina kazi, nashinda nyumbani tu, jioni moja diwani wetu akanipigia simu akaniambia mwanangu kesho saa kumi na mbili na nusu uwe pale barabarani mbele ya shule, njoo na daftari na kalamu mbili. Sikuuliza hata za nini. Yule mama akikuita unaenda.

Ile barabara watu walikuwa wameilalamikia miaka, gari zinapita kasi, watoto wanavuka kwa kukimbia, kila kikao linasemwa halafu linaishia hapohapo. Akaniambia ukisema watoto ni wengi, ofisini watakuuliza wangapi, sasa leo tuwe na jibu.

Tukakaa kila mtu upande wake. Mtoto akivuka unachora kijistari, vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Kuna katoto kamoja, sijui darasa la kwanza, kalisimama ukingoni kameshika mikanda ya begi kwa mikono yote miwili, kanatoa mguu kanaurudisha, kanatoa kanaurudisha, na gari hazikatiki. Diwani akaweka daftari chini, akaenda akakashika mkono akakavusha, aliporudi pumzi zinamwenda juu akasema na huyo muandike.

Baada ya hapo saini za kuomba zebra ya kuvukia, nyumba kwa nyumba, wiki nzima. Alinifundisha kitu nilikuwa sikijui, ombi liandikwe juu ya kila karatasi, sio ile ya kwanza tu, maana karatasi zikitenganishwa mtu anaweza kusema hawa walisaini jambo lingine kabisa.

Jibu la kwanza likaja la mdomo, kwamba barabara ile haiko chini ya halmashauri, apeleke ngazi nyingine. Mimi nilikata tamaa kabisa. Yeye akarudi pale akaomba wampe jibu hilohilo kwa maandishi, akaliambatanisha na barua ya huko kwingine, ili na wao wasije wakamrudisha alikotoka. Hiyo nilimvulia kofia na mpaka leo namvulia.

Siku alipopeleka hoja kwenye baraza niliingia nikakaa nyuma na wananchi wengine. Nilitaka apaze sauti, agonge meza, nilikuwa na hasira za ujana bana. Hakugonga. Akasoma hesabu zetu, asubuhi kwa asubuhi, taratibu, na ukumbi ukanyamaza mpaka unasikia karatasi zikifunuliwa.

Ilichukua muda mrefu bado, barua zikaenda zikarudi, bajeti moja ikapita bila sisi, ile iliyofuata tukaingia. Rangi ya zebra ilipokauka nikajua tumemaliza. Usiku simu ikaita, ni yeye. Mwanangu, kesho saa kumi na mbili na nusu, daftari lako bado unalo? Tunahesabu gari zinazosimama.